Mshairi na Laki Moja

Tarehe 5 Machi 2016 mjini Delhi palikuwa na mushaira. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno hilo. Mushaira ni mkusanyiko wa washairi, na neno lenyewe limechotwa katika kisima kilekile cha Kiarabu tulimochota shairi, mshairi na ushairi. Watu huketi mpaka usiku mwingi, washairi hupanda jukwaani mmoja mmoja, na mshororo ukigonga moyo, hadhira hupaza sauti na kumtaka mshairi aurudie. Mtu wa pwani yetu aliyekulia kwenye mabaraza ya malumbano angejiona yuko nyumbani.

Mmoja wa waliosoma usiku ule alikuwa Gauhar Raza. Kwa kazi ni mwanasayansi, na ametumia miaka mingi kuwafikishia watu wa kawaida elimu ya sayansi. Kwa mapenzi ni mshairi wa Kiurdu. Alisoma mashairi ya kuwakemea wanaojificha nyuma ya dini wakitafuta madaraka. Akashangiliwa, akashuka jukwaani.

Siku chache baadaye akajiona kwenye televisheni. Zee News, moja ya chaneli kongwe za habari kwa Kihindi, ilikuwa imezichukua picha za usomaji wake, ikazishona na picha za maandamano ya wanafunzi, kisha ikakipa kipindi jina: "Afzal Premi Gang ka Mushaira". Yaani mushaira wa genge la wampendao Afzal. Afzal anayetajwa ni Afzal Guru, Mkashmiri aliyenyongwa tarehe 9 Februari 2013 kwa kosa la kushiriki njama ya kulishambulia Bunge la India mwezi Desemba 2001. Katika Delhi ya Machi 2016 hapakuwa na jina zito kuliko hilo la kumfunga mtu shingoni. Kipindi kilirushwa, kikarudiwa. Shairi lililohusu dini na siasa likageuka ushahidi wa usaliti.

Nitamfuata mshairi huyu mpaka mwisho wa shauri lake, kwa sababu ndani yake imo bei. Lakini kwanza tuione nyumba iliyomfanyia hivyo ilijengwa vipi.

*

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 televisheni ya India ilikuwa Doordarshan, chombo cha serikali, basi. Habari zilisomwa kwa sauti ya karani anayesoma waraka wa ofisi. Oktoba 1992 Subhash Chandra, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa nafaka kutoka Hisar katika jimbo la Haryana, akaanzisha Zee TV. Sheria haikumruhusu kurusha matangazo akiwa ndani ya nchi, hivyo picha zilipandishwa kwenye setilaiti kutoka Hong Kong, zikashukia madishi ya vijana wa mitaani ambao walitandaza nyaya kutoka paa hadi paa na kupita kila mwezi kukusanya malipo. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India ikatamka kwamba mawimbi ya hewani ni mali ya umma, si ya serikali wala ya tajiri. Lile lango likafunguka. Mwishoni mwa muongo huo Zee News ilikuwa hewani, ikifuatwa na washindani, akiwemo Aaj Tak, jina lenye maana ya "hadi leo", aliyeanza kurusha habari saa 24 tarehe 31 Desemba 2000.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Zee kwa upande mwingine wa ukoo: tamthilia za Zee World, zile za mapenzi yaliyokatazwa na mama wakwe wasiosamehe. Habari na tamthilia ni ndugu wa tumbo moja hapo, na kadiri miaka ilivyokwenda, ndugu hawa wakazidi kufanana sura: muziki uleule wa kutisha, uso uleule unaosogezwa karibu na kamera, mtuhumiwa yuleyule anayejulikana kwa watazamaji kabla yeye mwenyewe hajajijua.

Nilipoanza kuzifuatilia chaneli za Kihindi nilikuwa nayadaka maneno kama mtu anayeokota lulu ufukweni. Khabar ni habari. Duniya ni dunia. Waqt ni wakati. Sarkar ni jamaa wa karibu wa serikali yetu. Jawab ni jawabu. Na neno lililonijia mara nyingi kuliko yote lilikuwa sawal, swali. Kila mtangazaji alikuwa na swali. Swali la leo, swali kubwa, taifa linauliza. Ilinichukua muda kutambua kwamba jambo la kuangalia si ukali wa swali bali ni nani anayeulizwa. Swali analoulizwa waziri na swali analoulizwa mwanafunzi wa bweni ni neno moja katika kamusi, lakini si kazi moja.

*

Mwaka 2012 swali bado lilikuwa linaulizwa kwa wakubwa, au ndivyo ilivyoonekana. Agosti mwaka huo mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali alitoa ripoti iliyoeleza jinsi vitalu vya makaa ya mawe vilivyogawiwa kampuni binafsi bila mnada, na nchi nzima ikachemka. Moja ya kampuni zilizoguswa ilikuwa Jindal Steel and Power, ya Naveen Jindal, mbunge wa chama cha Congress. Zee News ilikuwa ikimwandama. Ndipo tarehe 25 Oktoba Jindal akawaita waandishi wa habari akawaonyesha mkanda. Watu wake walikuwa wamekutana na wahariri wawili wa Zee, Sudhir Chaudhary na Samir Ahluwalia, wakiwa na kamera ya siri. Dai lake lilikuwa kwamba wahariri hao walitaka mkataba wa matangazo ya biashara wa thamani ya rupia bilioni 1 ili habari hizo zikome.

Zee ilikana. Ilisema Jindal ndiye aliyetaka kununua kimya chake, na wahariri walikuwa wakimchunguza. Tarehe 27 Novemba polisi wa Delhi waliwakamata wote wawili. Walikaa rumande ya Tihar hadi katikati ya Desemba walipopata dhamana. Kesi ikavuta miaka, kisha mwaka 2018 pande mbili zikapatana na malalamiko yakaondolewa. Hakuna mahakama iliyomtia yeyote hatiani, na haki inanidai niseme hivyo waziwazi. Ila kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu ni picha: mhariri mezani, mkubwa wa kampuni mbele yake, na habari katikati yao ikijadiliwa kama bidhaa.

Chaudhary hakuwa mgeni wa kamera ya siri. Mwaka 2007 alikuwa akiongoza chaneli nyingine ya Kihindi, Live India, iliyorusha mkanda ukidai kwamba mwalimu mmoja wa shule ya serikali mjini Delhi anawaingiza wanafunzi wake katika ukahaba. Umati ulifurika shuleni eneo la Turkman Gate, ukampiga mwanamke yule na kumchania nguo hadharani. Mkanda ulikuwa wa kutunga. Mwandishi aliyeutengeneza alikamatwa, serikali ikaizima chaneli kwa mwezi mmoja, na mwalimu akasafishwa na sheria. Nguo zake zilikuwa zimeshachanwa.

Tena ni mtu huyohuyo aliyefanya, Januari 2013, mahojiano ambayo wengine hawakuthubutu: alizungumza na kijana aliyekuwa pamoja na binti aliyebakwa na genge ndani ya basi Delhi tarehe 16 Desemba 2012 na baadaye kufariki. Kijana alieleza jinsi walivyotupwa barabarani, wapita njia wakawatazama, polisi wakachelewa. Polisi waliifungulia chaneli kesi. Naye akapewa tuzo ya uandishi ya Ramnath Goenka. Nalitaja hili kwa sababu ni kosa kudhani watu hawa hawakuijua kazi. Waliijua vizuri sana. Usiku ule swali lilikuwa limeelekezwa kwa polisi na serikali, likauma mahali pake.

*

Siku ya tarehe 9 Februari 2016, mwaka wa tatu tangu Afzal Guru anyongwe, wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru, JNU, waliandaa jioni ya kulaani hukumu ile. Kamera ya Zee News ilikuwepo chuoni. Palikuwa na zogo, kaulimbiu zikapigwa, na katika saa chache nchi ikawa inaangalia picha za giza zenye kelele, chini yake maandishi yakieleza kilichosemwa. Polisi walipofungua jalada la uchochezi waliegemea mkanda wa Zee. Tarehe 12 Februari rais wa serikali ya wanafunzi, Kanhaiya Kumar, akakamatwa. Alipopelekwa mahakamani, watu waliovaa mavazi ya mawakili walimpiga.

Juu ya picha zile pamekuwa na mabishano marefu, nami sitaki kuyarahisisha. Maabara ya CBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, iliukagua mkanda ghafi wa chaneli ikasema ni halisi. Uchunguzi mwingine, ulioagizwa na serikali ya jimbo la Delhi, ulikuta kwamba baadhi ya video zilizokuwa zikizunguka mitandaoni zilikuwa zimechezewa. Lakini ushahidi uliokaa moyoni mwangu ulitoka ndani ya chumba cha habari chenyewe. Mtayarishaji wa Zee News aitwaye Vishwa Deepak alijiuzulu mwezi huohuo na kuandika barua ndefu akieleza sababu. Alisema kaulimbiu iliyokuwa ikisema mahakama ya India idumu iliwafikia watazamaji ikiwa Pakistan idumu. Alisema aliona haya. Katika taaluma ambayo kodi ya nyumba hulipwa kwa mshahara wa mwezi, mtu anayeacha kazi kwa ajili ya neno moja lililogeuzwa anastahili kukumbukwa kwa jina lake.

Mahakama Kuu ya Delhi ilimpa Kanhaiya dhamana tarehe 2 Machi. Siku tatu baadaye Gauhar Raza akapanda kwenye jukwaa la mushaira. Sasa tunaelewa kwa nini chaneli ilikuwa na njaa ya "genge". Kisa cha wanafunzi kilikuwa kimeleta watazamaji, na kisa kinacholeta watazamaji hakiachwi kife. Hutafutiwa wahusika wapya.

Niseme kidogo kuhusu hesabu inayosukuma njaa hiyo. Bei ya tangazo la sabuni au la pikipiki hutegemea kipimo kiitwacho TRP, na kipimo hicho husomwa kwenye vifaa vilivyofungwa katika nyumba chache zilizoteuliwa. Mwaka 2020 vilikuwa kama 44,000, kwa nchi yenye nyumba zipatazo milioni 200 zenye televisheni. Nyumba moja ilisemea nyumba zaidi ya 4,000. Kumpeleka mwandishi mbali, Bastar au Assam, kwa wiki mbili ni gharama. Kuwaweka watu sita kwenye visanduku sita vya skrini wakafokeana ni rahisi, na sindano ya kipimo hupanda zaidi. Mwaka huohuo wa 2020 polisi wa Mumbai walipodai kuna chaneli zinazozilipa familia zenye vifaa ili ziache televisheni wazi, vipimo vya chaneli za habari vilisimamishwa, visirudi mpaka Machi 2022. Kelele hazikusimama.

*

Raza alilalamika. Hakulalamika peke yake: mshairi Ashok Vajpeyi, mwimbaji Shubha Mudgal, mwandishi Syeda Hameed, na Sharmila Tagore, yule yule ambaye wazazi wetu walipanga foleni kwenye majumba ya sinema kumtazama, waliweka majina yao kwenye malalamiko ya kumtetea. Malalamiko yalikwenda kwa NBSA, chombo ambacho chaneli zenyewe zilikiunda mwaka 2008 ili zijisimamie, kikiongozwa na jaji mstaafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yao kwa serikali: tuacheni, tutajirudi wenyewe.

Uamuzi ulitoka Agosti 2017, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya kipindi. NBSA ilikuta kwamba chaneli imekosea, ikaiagiza iombe radhi hewani saa tatu usiku, na ikaitoza faini ya rupia laki moja.

Neno laki tumelipata kwa Wahindi, na mabibi zetu walilitumia kwa kitu kisichohesabika: fulani ana malaki. Kwa chaneli ya taifa, laki moja ni pesa ndogo. Ile rupia bilioni 1 iliyotajwa katika madai ya Jindal ingetosha kulipa faini kama hiyo mara 10,000. Na laki moja haikuwa huruma ya jaji. Ndiyo iliyokuwa adhabu ya juu kabisa ya fedha iliyomo katika kanuni. Ilichukua mpaka Agosti 2023 kwa Jaji Mkuu wa India, D. Y. Chandrachud, kuuliza mahakamani faini hiyo inamzuia nani, ikiwa kipindi kinachoadhibiwa huingiza zaidi ya hapo. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu chombo hicho kiundwe.

Mimi kinachonikera zaidi ya kiasi cha fedha ni urefu wa muda. Mtu aitwaye msaliti Machi 2016 huishi na jina hilo akienda dukani, akimpeleka mgonjwa hospitali, akipanda treni na wasiomjua ila kwa sura. Kila siku ya hiyo miezi kumi na saba. Radhi ikija, huja mara moja, kwa maandishi na sauti ya haraka, kwa watu ambao wengi wao hawakumbuki tena alichoombewa radhi.

*

Baada ya hapo visa viliongezeka kasi, na vingine navipita. Novemba 2016, serikali ilipofuta ghafla noti za rupia 500 na 1,000, Zee News ilikuwa miongoni mwa chaneli zilizowaeleza watazamaji kwamba noti mpya ya rupia 2,000 ina kidubwasha ndani yake kinachoonekana na setilaiti hata ikifukiwa mita 120 ardhini. Benki kuu ilikanusha. Noti hiyo ilikuwa karatasi na wino, na mwaka 2023 yenyewe ikaondolewa kwenye mzunguko. Uongo huu haukumvunja mtu mbavu. Lakini tazama umeelekea wapi: badala ya kuuliza kwa nini mabibi wanasimama juani kwenye foleni za benki, chaneli iliwaambia kwamba serikali inaona chini ya ardhi.

Kisa cha tarehe 11 Machi 2020 hakipitiki haraka. Usiku huo, katika kipindi chake maarufu kiitwacho DNA, Sudhir Chaudhary alisimama mbele ya mchoro mkubwa wenye matawi. Kichwa kilikuwa jihadi. Matawi yalikuwa aina zake: jihadi ya idadi ya watu, jihadi ya mapenzi, ya ardhi, ya elimu, ya historia, ya vyombo vya habari, ya uchumi. Baadaye waandishi waliofuatilia walikuta mchoro unafanana na ule uliokuwa umewekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa watu wanaopiga vita vyakula vya halali. Nimeuangalia mchoro ule mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sisi wenye Kiswahili tuna juhudi na jitihada kutoka mzizi uleule wa Kiarabu. Ni maneno tunayomwambia mtoto anapofungua shule. Na kweli ukiyasoma matawi yale bila kichwa chake utaona maisha ya kawaida ya binadamu: kupenda, kuzaa, kusoma, kununua kiwanja, kufungua duka, kuandika. Mchoro ulimweleza mtazamaji kwamba jirani yake Mwislamu akifanya lolote kati ya hayo, anapigana vita. Hapakubaki kitu ambacho mtu huyo angeweza kukifanya kikawa hakina hatia. Polisi wa Kerala walifungua kesi Mei mwaka huo.

Katikati ya mambo hayo ikaja Korona. Mwishoni mwa Machi iligundulika kwamba maambukizi yalisambaa kutoka mkusanyiko wa wahubiri wa Kiislamu wa Tablighi Jamaat, huko Nizamuddin, Delhi. Mkusanyiko ule ulikuwa kosa, na watu walikufa. Lakini kwa wiki nzima chaneli nyingi za Kihindi zilizungumza kana kwamba virusi vilikuwa na dini. Aprili 2020 Zee News ilitangaza kwamba Watablighi 11 wamekutwa na ugonjwa katika jimbo la Arunachal Pradesh. Serikali ya jimbo ikajibu kwamba jimbo zima lina mgonjwa mmoja. Chaneli iliomba radhi ikasema lilikuwa kosa la kibinadamu. Mwezi uliofuata, katika ofisi za Zee News zilizoko Noida, ng'ambo ya mto Yamuna, wafanyakazi 28 wakapimwa na kukutwa na virusi. Wao walielezwa kuwa waliokuwa wakitimiza wajibu wao kazini. Ni kweli, walikuwa wakitimiza. Nasikitika tu kwamba maneno mema yalikuwepo siku zote ghalani, yakisubiri wagonjwa wanaofaa.

Kuna jina ambalo Wahindi wenyewe wamelipa hali hii: godi media. Alilivumisha Ravish Kumar, mtangazaji wa chaneli jirani, NDTV India, aliyepata tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2019. Godi ni pale mapajani ambapo mama humweka mtoto, na jina linakaribiana kwa sauti na jina la Waziri Mkuu Modi. Kiswahili kina kitenzi kinacholingana nalo kuliko lugha nyingine yoyote niijuayo: kupakata. Vyombo vya kupakatwa. Mtoto aliyepakatwa humtazama nani? Huwatazama walio nje, mgongo wake ukiwa umeegemea kifua cha aliyempakata. Ravish naye hakudumu. Tarehe 30 Novemba 2022, kundi la tajiri Gautam Adani lilipokuwa likiitwaa NDTV, aliondoka.

Upande wa Zee, mwenye mali alikuwa ameingia siasani wazi. Juni 2016, miezi mitatu baada ya mushaira, Subhash Chandra alichaguliwa kuingia baraza la juu la Bunge kutoka Haryana, akiungwa mkono na chama tawala cha BJP, katika uchaguzi uliozua kelele kwa sababu kura za wajumbe kadhaa wa Congress zilikataliwa kwa kutumia kalamu isiyo sahihi. Kuanzia 2019 kampuni zake zilielemewa na madeni. Mwenye deni na mwenye kiti bungeni huwa na sababu zake za kutotaka ugomvi na serikali. Sisemi kwamba aliwahi kumpigia mhariri simu usiku. Nasema tu kwamba mhariri mwenye akili hahitaji kupigiwa.

Ila kupakatwa kuna siku kunamponza na anayepakatwa. Tarehe 1 Julai 2022 DNA, sasa ikisomwa na Rohit Ranjan, ilirusha maneno ya Rahul Gandhi wa Congress kuhusu vijana waliovunja ofisi yake Wayanad, aliposema ni watoto tu na hana kinyongo nao. Kipindi kikayaweka maneno hayo kana kwamba yanahusu wauaji wa fundi cherehani wa Udaipur, mauaji ya kinyama yaliyotokea siku chache kabla. Chaneli iliomba radhi siku iliyofuata. Tarehe 5 alfajiri polisi wa Chhattisgarh, jimbo lililotawaliwa na Congress, walifika nyumbani kwa mtangazaji kumkamata. Kabla hawajamchukua, polisi wa Uttar Pradesh, jimbo la BJP, wakafika wakamchukua wao, wakampa dhamana. Vikosi viwili vya dola moja vikigombania mwili wa mtangazaji mlangoni pake. Kosa lake lilikuwa kubwa, na sikubali hata kidogo kwamba dawa yake ni askari wa alfajiri. Polisi wakiachiwa kusahihisha habari, wataanza na waandishi wasio na jimbo la kukimbilia.

*

Chaudhary aliondoka Zee mwezi huohuo wa Julai 2022, akaenda Aaj Tak, na mwaka 2025 akahamia kipindi kipya kwenye Doordarshan, ile sauti ya serikali ambayo Zee ilizaliwa ili watu wapate kitu kingine.

Mei mwaka huo India na Pakistan zilishambuliana kwa siku nne. Tarehe 7 makombora yaliyotoka upande wa Pakistan yaliangukia mji wa Poonch, Kashmir ya India, yakaua raia. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa madrasa. Chaneli kadhaa za Kihindi, Zee News ikiwa mojawapo, zikaonyesha picha yake zikisema huyu ni gaidi aliyeuawa na majeshi ya India. Alikuwa Mhindi, ameuawa na makombora ya adui wa nchi yake, ndani ya mji wake. Polisi wa Poonch walitoa taarifa kwamba marehemu alikuwa mtu wa dini aliyeheshimika na hakuwa na uhusiano na kundi lolote la kigaidi. Radhi zikaombwa. Hayakuishia hapo. Wakili mmoja alilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwishoni mwa Juni 2025 hakimu wa Poonch akaagiza polisi wafungue kesi, akisema radhi haifuti madhara yaliyokwisha kutendeka.

Picha iliyorushwa hewani ilikuwa ya mwanamume mwenye ndevu na kofia, anayetazama kamera moja kwa moja, kama watu wanavyotazama wanapopigwa picha ya kitambulisho. Waliokuwa wakimzika walikuwa nayo kwenye simu zao.